Mara ya Kumi na Moja

Nantes, Februari. Ghislaine anarudia:
"Nenda kwake. Mlango wangu hauna komeo."
Hapepesi. Mwongozaji anafuta macho
kama kila asubuhi.

Mimi ni mtu wa sindano na vifungo.
Nimembana kiuno kwa pini nne, nikamwendea Apolline,
yule wa pili, mwenye koti la kijani,
aliyepewa Alhamisi na nusu ya Jumapili.
Kwenye filamu wanakula kome sahani moja,
wanacheka, wanamgawana mwanamume
kama watu wanaopokezana chumvi.

Halafu taa zinazimwa.
Ghislaine ananiinamia, sauti ya chini:
"Kamera imemsogelea usoni mara ngapi, yule?"
Mara sita, namwambia.
Wewe, nne.

Haongei. Anavua pete ya filamu,
anaitia kiganjani mwangu, ingali na joto.
Pete yake hasa, ya ndoa, huiacha kwenye kisahani cha sabuni;
leo hata hakuitafuta.

Mume, haya, chukua,
mrudishe ukipenda.
Lakini mwanga!
Mwanga hauna ukewenza.