Walinipa Penseli

Fundi Luhende, ndivyo wanavyoniita hapa Igombe.
Mashine za boti zinaletwa zikikohoa, zinaondoka zimetulia.
Ujana wangu hawauulizi. Mguu huu mfupi
wanadhani ni pikipiki.

Mara ya mwisho niliiona Mwanza chini ya bawa la kushoto:
mawe yamepandana kama watoto waliolala chumba kimoja,
na juu ya jabali mtu ameanika shuka,
moja, jekundu.
Kisha ziwa, ziwa, ziwa.
Kisha taa ndogo mbele yangu, ukubwa wa punje ya mtama,
na kiti kikanitupa nje
kama maji ya kuoshea vyombo.

Nilitua kwenye migomba. Kifundo kikaachana na mguu.
Mtoto mmoja alinitazama, akakimbia,
akarudi na askari.

Wakanifungia ghala la kahawa. Gunia godoro,
gunia blanketi. Mpaka leo
Minza hachemshi kahawa nikiwa ndani.
Usiku nilisikia mawimbi, nikawaza:
maji haya yanajua njia ya kwetu
na hayaombi kibali.

Mlinzi wangu, Onzima, alileta muhogo na samaki wadogo.
Yeye akisema mukene, mimi nikisema dagaa.
Tulibishana siku tatu,
siku ya nne tukacheka, kimyakimya, kama wezi.
Siku ya tano alinipiga,
maana afisa wake alikuwa amesimama mlangoni.

Ndipo wakanipa penseli.
Chora uwanja. Chora ndege zinapolala.
Nilikataa siku sijui ngapi.
(Meno haya mawili ya juu ni ya bandia,
niliyalipia mwenyewe, Bugando.)
Halafu nikachora.
Ufukwe niliuchora kwa uaminifu wote, kila ghuba, kila rasi,
kwa sababu uongo unaosimama
hujengwa kwa matofali ya kweli.
Njia ya kurukia nikaiweka Kwa Pimbi,
kisiwa cha mawe na pimbi wanaoota jua,
ambako hakuna mtu. Nilijua hakuna mtu.
Nilikipita mara mia, futi elfu tatu juu yake.

Kutoka futi elfu tatu mama anayeanika dagaa
ni doa. Ni kivuli cha jiwe.

Niliporudi walinipokea kwa maua, halafu kwa maswali.
Chumba kilikuwa safi, chai ilikuwa na maziwa.
Uliwaambia nini? Swali lilelile,
safari hii kwa sauti za nyumbani,
na mezani, kando ya karatasi, penseli.
Niliitazama
mpaka wakaiondoa.

Jana kijana kaleta mashine ya farasi kumi na tano.
Plagi zimeungua. Nikamuuliza, unavulia wapi?
Kwa Pimbi, akasema. Bibi yangu alifia pale,
wakati wa vita, bomu. Wanasema walikosea shabaha.
Alisema hivyo kama mtu anayetaja bei ya mafuta.

Aliitwa nani, bibi yako?
Nyanjige.

Nikasafisha plagi. Nikasafisha kabureta
ambayo haikuwa chafu. Nikaifungua tena.
Huenda mchoro wangu haukufika popote,
huenda afisa aliutumia kuwashia sigara,
huenda rubani wao alipotea tu, kama marubani wanavyopotea.
Miaka yote hii nimezipanga huenda zangu
kama spana ukutani, kubwa mpaka ndogo,
na hakuna iliyowahi kuenea nati hii.

Sikumtoza. Akashangaa, akacheka,
akaokota msumari, akachuchumaa mlangoni, akachora mchangani:
hapa kisiwa, babu. Hapa tunapoegesha.
Hapa mawe mawili, na katikati yake, bibi.
Siku ukija kutembea, usipotee.

Ilikuwa ramani sahihi. Najua ramani.

Jioni nilifagia karakana yote.
Pale mlangoni sikufagia.