Makosa ya Herufi

Miaka kumi na tisa nilikuwa msahihishaji
wa gazeti dogo la mji wa Hrodna,
ghorofa ya pili, juu ya duka la viatu.
Kazi yangu kuchambua, kama mchele:
koma iliyozagaa, jina la marehemu lililokosewa.
Wiki niliyougua mafua
meya alitoka "meza" ukurasa wa mbele.
Tukaomba radhi. Alicheka.
Enzi hizo meya alikuwa bado anacheka.

Ragneda alileta habari zake usiku,
viatu vinachuruzika, vidole vyekundu kwa baridi.
Mwaka wa maandamano aliandika:
"Magari kumi na moja yasiyo na namba
yalisimama nyuma ya kituo cha zimamoto."
Nikamuuliza, kumi na moja, una hakika?
Akajibu bila kuinua macho kwenye chai:
"Nimehesabu mara mbili."
Nikaiacha ipite.
Ikapita, ikachapwa, ikatufikisha hapa.

Walikuja Jumanne.
Walibeba kompyuta, kamusi, birika,
hata kalenda yenye picha za paka.
Kijana mmoja mwenye kinyago, sauti bado haijakomaa,
aliishika penseli yangu, akaandika katika orodha:
"Penseli. Nyekundu. Moja."
Nilitaka kumsifu. Nukta zote zilikuwa mahali pake.

Kesi ilisikilizwa milango imefungwa,
yaani haikusikilizwa.
Mama yake, Yadviga, alisimama nje kwenye theluji,
akaambulia nakala ya hukumu, kurasa saba.
Macho yake yana ukungu, akanijia jikoni.
"Nisomee," akasema, "lakini usiruke kitu."

Nikasoma. Mkono wenyewe ukaanza kupapasa droo.
Ukurasa wa kwanza, jina la ukoo limepungua herufi,
kana kwamba wamemfunga mtu mwingine.
Wa pili, "ushaidi."
Wa tatu, "aki": h imedondoka kama jino bovu
na hakuna aliyeinama kuiokota.
Na kosa lenyewe alilitenda, wanasema,
tarehe thelathini na moja Novemba,
siku ambayo hata Mungu hajaiumba.
Nikapiga mstari. Nikapiga mwingine.
Karatasi ikaiva kama shavu lililozabwa kofi.
Mahali pamoja tu sikuona la kugusa:
miaka mitano,
kwa tarakimu, kisha kwa maneno,
asije mtu akajidanganya.

"Ukiyanyoosha yote haya," mama akauliza,
"watamtoa?"
Nikamwongeza chai. Sukari nikasahau.

Barua ya kwanza ilifika Machi,
mistari mingi imefunikwa wino mweusi.
Mtu alikaa mahali akaifunika, mmoja mmoja, kwa rula.
Nawajua watu wa namna hiyo: wana makini, kama mimi.
Kilichobaki ni hali ya hewa,
salamu kwa jirani wa chini,
na sentensi tatu mwishoni kabisa:
"Mama, asante kwa soksi. Ziko kumi na saba
katika sanduku la kuweka sita.
Nimehesabu mara mbili."

"Soksi gani kumi na saba?" akasema Yadviga.
"Nilipeleka jozi mbili. Sanduku sikupeleka.
Mtoto kaanza kupotea hesabu.
Msahihishie, kabla sijamwonyesha shangazi yake."

Nilivua miwani, nikaifuta, nikaivaa tena.
Penseli ilikuwa mezani, imechongwa.
Kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi hii
nililiona kosa
nikaliacha lilivyo,
nikalinakili kwa mkono, neno kwa neno,
vikaratasi ishirini,
kisha nikavaa koti.