Uzi Mweusi

Mwezi wa kwanza mzee Mwilambwe aliuma kibao cha picha
kama mtu aliyepewa kipande cha sabuni,
akakunja uso, akafumba jicho moja.
Nikajificha nyuma ya mlango wa risasi, nikabonyeza.
Taya lake likaja kwenye skrini, kijivu juu ya kijivu,
na ndani yake skrubu mbili za titani, nyeupe mno,
nyeupe kama wageni wasiotaka kujuana na mtu.
Na kuzizunguka, uzi mweusi.

Mwembamba. Unywele wa mtoto.
Daktari Nsenga alisogeza miwani, akasema: bado.
Hapo chuma na mfupa vinaamkiana tu,
kila kimoja kimesimama upande wake wa kizingiti.

"Miaka thelathini na mmoja," mzee akaniambia,
maneno yakimwagika penye pengo kama uji,
"nimetoa chuma ndani ya jiwe. Pale kwenye tanuru,
chini ya lile dohani refu. Jiwe halitoi mali bila moto.
Leo mnarudisha chuma ndani ya jiwe langu mimi
na hata kiberiti hamkuwasha?"

Daktari akacheka. Akasema: vumilia.
Mzee akainama, maana hilo ndilo jina la mjukuu wake
na ndilo neno lililomshinda.
V hutaka meno ya juu yaguse mdomo wa chini.
Kwake hutoka Humilia, Humilia,
na mtoto, miaka sita, hukataa kuitika:
"Huyo si mimi."

Nimepiga picha nyingi katika chumba hiki cha Kamalondo.
Mfupa hauyeyuki, haufuliwi, hauungwi kwa moto.
Husogea. Huweka chembe, halafu chembe,
kama watu wa Katuba wanaonunua matofali
kumi Jumamosi hii, kumi ile nyingine,
hadi siku unapita, na nyumba ipo.

Nimeona pia uzi unaonenepa.
Bi Chola alitafuna mifupa ya kuku wiki ya pili
("Nilisahau," alisema, "njaa haina kalenda"),
uzi wake ukawa kamba, kamba ikawa ufa,
na Daktari akaichomoa skrubu kwa vidole viwili
kama karanga kwenye udongo wa mvua.
Picha ile sijaifuta. Sijui kwa nini.

Mwezi wa pili umeme ulikatika tukiwa katikati.
Wa tatu mzee hakuja; kulikuwa na matanga Kipushi.
Wa tano alikuja na mvua ya kwanza,
udongo mwekundu umempanda hadi magotini.

Nikakuza picha. Nikapunguza mwanga.
Niliutafuta ule uzi kama mtu anayetafuta funguo
zilizo mkononi mwake.
Mfupa ulikuwa umeingia katika kila mtaro wa skrubu,
umejaza, umenyamaza.

Lakini picha haioni nyama. Mwanga huupita ufizi
kama mtu anayepita jirani bila salamu.
Kwa hilo Daktari aliinua mdomo wa mzee kwa kidole:
ufizi wa waridi, umeishika shingo ya chuma
kama kola ya shati la Jumapili.

Kisha akageuza mpini wa kioo chake, akagonga.
Ti.
Si tu. Ti.
Mzee akainua mkono kabla hatujasema neno.
"Hiyo imeshika," alisema.
"Hata sisi bomba tulilipima kwa kugonga."

Meno yenyewe yaliwekwa Alhamisi.
Mtoto alikuwa kwenye benchi la ukumbini, anahesabu karanga.
Mzee akasimama mlangoni, meno juu ya mdomo,
v, v, kama nzi ndani ya chupa,
halafu jina zima likatoka, kubwa mno kwa ukumbi ule.

Mtoto hakugeuka.
Aliweka karanga moja pembeni,
akangoja aitwe tena.