Pasi

Kilambo, kivuko bado kimefungwa,
Somoe anapuliza mkaa wa pasi:
shati la afisa uhamiaji, kola mara mbili.
Neno hili, alisema mwalimu Nandonde,
tuliachiwa na Waingereza. Kupita, basi.
Na hii ya chuma je?
Mwalimu akakuna kidevu.

Uani wanawe wanacheza chandimu:
"Pasi! Toa pasi, mchoyo we!"
Mkubwa ndiye hakupasi la saba.
Alicheka mbele za watu, akalilia jikoni.

Baba yao alikuwa na pasi ya siku saba,
karatasi ya kijani, muhuri umelala upande.
Akavuka Ruvuma na magunia mawili ya chumvi.
Mwaka wa nne huu.

Ipo pasi nyingine, haikuja na meli;
bibi yake aliitamka kabla hajaona kaptula ya Mzungu.
Pasi na habari.
Pasi na salamu.
Pasi na kaburi la kusomea.

Somoe analowesha kidole, anagusa chuma.
Tsss. Imeiva.
Anakunja shati. Mfukoni
anatia kijikaratasi, jina moja tu,
kama Jumatatu zote.