Mizani

Kibaigwa, msimu wa mahindi.
Nina miaka kumi na mmoja, nimelala kifudifudi
chini ya mizani ya baba mdogo Chedego,
naichungulia tumboni kama daktari wa ng'ombe.
Hakuna aliyenituma.
Ilikuwa inaiba kilo mbili
nami nilitaka kujua inazificha wapi.

Nikakuta punje zimenasa chini ya chuma
nilichokiita mkono,
na pale mkono ulipolalia
nikapaita goti.
Nikalisugua goti kwa mafuta ya alizeti.
Ikasema kweli wiki nzima,
kisha ikaanza kuongopa upande wa pili.

Chuo cha ufundi, Dodoma mjini.
Mkufunzi akaandika ubaoni: egemeo.
Nikacheka peke yangu, darasa likageuka.
Goti! Miaka minane tunajuana,
leo ndio naambiwa jina lake,
na kanuni yake,
na kwa nini alizeti iliniangusha:
mafuta ya kula huganda, hushika vumbi.
Hilo nisingelijua
hata ningelala chini ya mizani mpaka mvi.

Ila Maswaga, wa kwanza wetu kwa alama,
aliletewa mizani mbovu akaomba kitabu.
Simcheki. Kitabu nilimpa mimi.
Lakini hajawahi kukosa usingizi
kwa ajili ya kilo mbili za mtu mwingine.

Kabla ya hayo yote, kidato cha pili,
Mwalimu Chizenga alisema shairi nalo lina mizani,
kumi na sita kila mshororo.
Nilidhani ananitania, mtoto wa sokoni.
Sasa usiku, nyuma ya daftari la vipuri,
nahesabu kwa vidole vyenye grisi:

*Mkulima akipima, aione haki yake,*
*Kilo isirudi nyuma, asipunjwe jasho lake,*
*Mshale ukitetema, urudi mahali pake,*
*Na lumbesa yalalama, imepasua hata kamba yake.*

Wa mwisho umezidi mizani tatu.
Mwalimu angeupiga kalamu nyekundu,
na kanuni ingekuwa upande wake.
Nimejaribu kuupunguza, unakufa mkononi.
Basi ulale hivyo hivyo na tumbo lake.
Alfajiri nakwenda Pandambili,
kuna mizani huko inasoma kumi
na juu yake hakuna kitu.