Ukurasa wa Ishirini na Tisa

Kila alfajiri, kabla birika halijaanza kulalama,
nafungua kitabu cha babu wa mababu zangu, Hannibal Nancarrow,
seremala wa mgodi wa bati, kiongozi wa darasa
katika siku za mwanzo za Wamethodisti wa Cornwall,
aliyewagawa wafu wetu katika siku za mwaka
kama mtu akataye mkate mmoja kwa watu wengi:
kila siku kipande chake, na juu ya kipande, aya.

Januari tisa ni ya bibi Jenifer,
aliyeponda mawe ya bati tangu ana miaka minane
akatoa peni yake darasani kila juma,
hata juma lile walilokula maganda ya viazi.
Aprili kuna mhubiri aliyelala darini kwetu
huku farasi wake akitafuna paa la jirani.
Juni kumi na mbili tunapigwa mawe.
Moja lilitua ndani ya sufuria ya uji,
na Hannibal, apendaye mafunzo, anauliza:
"Nawe msomaji, umepokea nini leo mezani pako?"

Nimepokea bili ya umeme.
Nacheka, navaa sare, nakwenda kazini.

Sitasema uongo, si kila siku naamini.
Nasoma kama mtu agusaye mwimo wa mlango akipita:
mkono umezoea, roho itafuata ikipenda.

Lakini Hannibal alihesabu siku mia tatu sitini na tano.
Mwaka mrefu aliusahau. Au hakuusahau.
Kati ya Februari ishirini na nane na Machi mosi
pana karatasi iliyoshonewa kwa uzi mweusi,
maandishi ya penseli, yameegemea upande
kama miti ya miiba ya huku ilivyopindwa na upepo.
Ni ya Loveday, dada yake. Hakuweka aya.

"Kaka yetu Digory hayumo humu.
Alifutwa darasani kwa ajili ya mapipa ya brandi
aliyoyapandisha usiku kutoka ufukoni. Magendo, ni kweli.
Baridi ile mgodi ulijaa maji, ujira hapakuwa.
Digory akaleta unga. Hakuna aliyeuliza umetoka wapi.
Mama aliuombea ule mkate, tukaitikia Amina,
na Amina ya Hannibal ilikuwa kubwa kuliko zote.
Machi wakamnyima tiketi yake.
Aliyesoma majina alikuwa Hannibal.
Digory akaenda baharini. Barua haikuja.
Sahani yake naiosha kila Jumamosi
ingawa haina uchafu."

Basi. Hakuna swali kwa msomaji.

Mla nawe hafi nawe, husemwa, ila mzaliwa nawe.
Huyu alikula naye, tena alizaliwa naye,
na kalamu haikutetemeka.

Siku hiyo huja mara moja kwa miaka minne.
Mwaka huu niliisoma kwa sauti kando ya kitanda cha mama,
ambaye hanijui tena, huniita nesi,
wala hakosei, ndiyo kazi yangu.
Mwezi mzima nilikuwa nimemsomea. Peni ya Jenifer haikumgusa,
jiwe la uji halikumgusa, alitazama dari.
Nilipofika kwenye sahani akageuza shingo.

"Imeoshwa?"
"Imeoshwa, mama."
"Basi muwekee."

Nikaweka. Sahani ya plastiki, ya wodi,
nusu ya mkate aliokataa saa sita,
juu ya kabati, upande wa dirisha.
Nje mvua ilinyesha juu ya mashimo ya migodi
yaliyojaa maji hadi mdomoni, miaka sasa, bila mtu.
Muuguzi wa zamu ya usiku alitaka kuiondoa.
Nikamwambia aiache, kuna mtu yuko njiani.

Kesho ni Machi mosi. Hannibal ataendelea
na sauti yake safi, ndevu zake zimepanguswa makombo.
Nitamsikiliza. Yeye naye ni wangu.