Ndoo Moja ya Maji

Lugwisha alipiga simu kutoka Geita, sauti ina vumbi la mgodi:
"Dada, uza kama ilivyo. Nyumba si bibi harusi, haipambwi."
Nikamwambia, nipe miezi mitatu.
Simu ikakatika. Labda salio. Labda hasira.

Nyumba ya mama ipo Igogo, juu ya kituo cha mwisho cha bodaboda,
pale unaposhuka na kumalizia kwa magoti.
Nyuma yake limekaa jiwe, kubwa kuliko nyumba,
limekaa kama mgeni aliyekula akashiba
na hajasema ataondoka lini.
Kila mnunuzi hulitazama jiwe kwanza,
kisha hunitajia bei bila kuniangalia mimi.

Dalali Masunga ana ushauri wa bure, na asilimia kumi.
"Paka rangi ya krimu. Weka pazia jipya upande wa ziwa.
Huko nyuma panda maua marefu, macho yasifike.
Na huo mtaro ufukie, uwanja uonekane mpana.
Watu hununua kwa macho, dada yangu."

Rangi nilipaka.
Nilipanda juu ya bati na brashi ya chuma,
nikasugua kinyesi cha makorongo,
nikagongea misumari mipya pale mvua ilipokuwa ikilia ndani ya sufuria.
Nilibadilisha bawaba za mlango wa jikoni,
mlango ulioniita kwa jina miaka thelathini.
Ofisi ya ardhi nilikwenda mara nne:
mara ya kwanza faili halionekani,
ya pili anayejua lilipo yuko msibani,
ya tatu wakaniuliza kodi,
ya nne nikatoka na karatasi yenye jina la Nyamizi binti Sayi,
bikoni zake nne na muhuri wake,
nikaifunga kwenye nailoni kama mtu afungavyo dawa.

Mtaro sikuufukia.

Mama aliuchimba mwenyewe, mwaka ambao nyumba ya jirani
ilishuka mlimani na kitanda chake na kuku wake.
Kila mwaka, kabla ya vuli, alishika jembe,
akakwangua tope, majani, kandambili za watoto,
akiyasemesha maji kwa adabu, kama anaongea na mkwe:
"Pita baba. Pita huku. Huku ndiko kwako."
Tulimcheka. Mimi zaidi,
niliyeona haya kwa tope la sketi yake Jumapili asubuhi.

Sasa mpini umekaa mahali palepale kiganjani,
kana kwamba tulipimwa siku moja.

Mwezi wa tatu akaja Bi Nyanjura, mfanyabiashara wa dagaa kule Mwaloni,
simu mbili, khanga moja, harufu ya jua na chumvi.
Hakugusa pazia. Hakuona krimu.
Masunga akasifu upepo, akasifu mandhari, akausifu tena upepo.
Yule mama akasema, "Nipe ndoo ya maji."

Nilidhani ni kiu.
Akazunguka nyuma, akapanda hadi kwenye kitako cha jiwe,
akamwaga yote.

Maji yakateremka mbio, yakauelekea ukuta
(hapo Masunga akanyamaza),
yakafika ukingoni mwa mtaro,
yakasita,
yakageuka,
yakaenda zao ziwani bila kugusa hata tofali.

"Nani alichimba?"

Nikamwambia.
Nikasogeza kabati pia, nikamwonyesha ufa,
maana macho yale yangeufikia tu.
"Ni wa zamani. Niliuwekea alama ya penseli tangu Juni. Haujasogea."
Akapitisha ukucha juu ya penseli.
Akataja bei. Nikataja yangu.
Jiwe likatusikiliza.
Tulikutana mahali, karibu zaidi na kwangu kuliko kwake.

Alipofika mlangoni akageuka.
"Na lile jembe? Limo kwenye bei?"

Jembe nilikwisha lifunga kwenye mzigo,
pamoja na birika na picha za ubatizo.

Nikakata kamba.